Udongo wa Choo Kipya na Mguu wa Mzee Njuguna

Nilipovua aproni mlinipa keki, leso na kazi moja ya mwisho: niandike tulivyoanza, ili wageni wa karakana waache kuwauliza mambo msiyoyajua. Keki wajukuu walimaliza kabla sijaketi. Leso nimejifunga. Imebaki hii kazi, na kama mnavyonijua, ningepata wa kumwachia ningemwachia.

Msitarajie nieleze nilivyopanda vyeo. Kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, Fundi, na alikuwa nacho Fundi. Mshahara pia sitautaja, maana mnaujua: ni ule ule.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimechora Bonde la Ufa maisha yangu yote ya kazi: volkeno zinazofuka moshi, maziwa ya kabla ya watu, tembo wa kale wenye pembe zilizoelekea chini kama masharubu, watu wa kwanza wakigonga mawe. Bonde lenyewe sijawahi kulikanyaga. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka Lindi, kule Kibera, hadi Kawangware, na kila asubuhi nikifika nilijihisi kama nimevuka mpaka bila pasipoti.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata cheti ambacho baba alikisoma, akakigeuza, akatafuta kama matokeo yenyewe yako upande wa nyuma. Siku moja nikapita karibu na bucha moja pale Lindi, nikakuta mwanamume amesimama juu ya ngazi akichora ng'ombe ukutani. Ng'ombe alikuwa anatabasamu, kitu ambacho sijawahi kukielewa kwenye bucha. Lakini kilichonisimamisha ni miguu ya nyuma.

"Huyo ng'ombe ana magoti ya mtu," nikasema.

Akageuka polepole. "Wewe ni daktari wa ng'ombe?"

"Hapana. Lakini yeye akiona hivyo atashangaa."

Akashuka, akanipa brashi. Nilipomaliza akautazama ule mguu, akasema, "Kesho uje Kawangware."

"Ni mbali."

"Mbali na wapi?"

"Na nyumbani."

Huyo ndiye Fundi Okelo. Alizaliwa kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha mlima unatoa mifupa iliyogeuka mawe. Wakiwa watoto waliiokota wakaifanya magoli ya mpira. Baadaye watu wa kuchimba walikuja na brashi ndogo ndogo, wakaanza kuipapasa kama mayai, na yule mtoto hakusahau. Alipokuja Nairobi alichora bucha apate ugali, akachora mambo ya kale apate usingizi. Pole pole wateja wa mambo ya kale wakaongezeka: maduka ya sanaa, shule, mzungu mmoja wawili. Akakodi kibanda cha mabati kwenye ploti ya Mzee Njuguna, na hicho ndicho kibanda mnachokikalia leo mkilalamikia joto.

Siku yangu ya kwanza sikugusa rangi. Fundi alinipa jiwe alilolichonga mwenyewe, umbo la tone la maji, makali pande zote. Shoka la mtu wa kale. "Shika," akasema, akaenda zake. Nililishika asubuhi yote. Mchana nikauliza nalifanyia nini.

"Umechoka mkono?"

"Sana."

"Basi ukimchora mtu amelishika, usimchore kama ameshika sigara."

Kutoka kwenye kona ikasikika sauti: "Conso, ukimaliza na hiyo tukatie vitunguu." Huyo alikuwa Mutiso, mchongaji wetu wa mifupa, mtu wa Kambi Muru, huko huko Kibera. Alikuwa akileta mifupa ya ng'ombe kutoka kichinjioni, anaichemsha nyuma ya kibanda, kisha anachonga mataya na mafuvu madogo ya watu wa kale na kuyachovya kwenye chai kali yaonekane yamezeeka. Nyuma ya kila moja aliandika "Kawangware", mtu asije akadanganyika. Harufu yake ninyi hamuijui. Mbwa wa mtaa mzima walimsindikiza Mutiso barabarani kama waziri. Kuna wakati mmoja wao alituibia taya, na lilipopatikana chini ya meza ya muuza makaa lilikuwa limezeeka kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Meno ya mbwa yalikuwa yamefanya kazi iliyoshinda chai. Tangu hapo Mutiso alikuwa akiacha moja nje makusudi na kusema "liko chuo kikuu".

Kazi yangu hasa ikawa udongo. Rangi ya dukani ilikuwa ya watu wengine. Sisi tulichekecha udongo kwa soksi ndefu za akina mama, tukachanganya na gundi nyeupe ya seremala. Wekundu ulikuwa kila mahali, weusi tulipata kwa makaa, lakini njano, ile njano ya majani makavu na ya mchana wenye vumbi, ilikuwa shida. Mpaka nikagundua kwamba Lindi njano ipo, ila inaanza chini sana, na hakuna mtu anayechimba chini sana isipokuwa mtu anayechimba choo.

Choo kipya, jamani. Ambacho hakijatumika. Nalisema hili kila mwaka na bado kuna mtu anaosha mikono akinitazama.

Basi nikawa mgeni wa heshima katika kila shimo la Lindi. Wachimbaji walinizoea. "Sasa dada wa rangi! Leo kuna ya njano, lakini chunga usidondoke, bado hatujafungua rasmi." Siku ya kwanza niliyopeleka ndoo nzima, Fundi aliniuliza shimo lilikuwaje ukutani. Nikamwambia: juu mifuko ya plastiki, chini yake vifuniko vya soda, kisha kigae cha chungu, kisha wekundu, kisha njano.

"Umesoma kitabu chote," akasema. "Wale wachimbaji wenye digrii wanasoma hivyo hivyo. Aliye chini ndiye alitangulia. Shika hiyo, mengine ni mbwembwe."

Sura za watu nazo zilikuwa na njia yake. Hakuna aliyejua mtu wa kale alifananaje usoni, na picha za vitabuni Fundi hakuzipenda. "Hawa wamekaa kama wanapigwa picha ya pasipoti," alikuwa akisema. Akaniketisha mlangoni, nikitazamana na mfereji wa ploti, lile bomba moja la wapangaji wote. "Mtu wa kale alikuwa anangoja maji, anamwangalia jirani vibaya, anabeba mtoto. Chora hao." Kwa hiyo ukiona mtu wa kale wa karakana yetu wa miaka hiyo, ujue aliwahi kupanga foleni Kawangware.

Sasa nije kwa ile kazi kubwa.

Shule moja ilijenga ukumbi, na mwalimu mkuu, mama mmoja mpole mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kututazamia sisi, akataka picha ya ukuta mzima: watu wa kwanza kando ya ziwa. Tukamshonesha fundi cherehani vipande vya marekani mpaka kitambaa kikawa kirefu kuliko kibanda. Yule mama alituletea hata pikapu itupeleke Bonde la Ufa tukajionee. Fundi na Mutiso wakapanda. Mimi nilikuwa na nguo za kufua. Nilichora ziwa nikikumbuka Bwawa la Nairobi, hapo chini ya Lindi, nikatoa matakataka. Vilima nilivichukua Ngong, maana vinaonekana ukiwa umekaa. Waliporudi, wamejaa vumbi mpaka kope, Fundi aliitazama kazi yangu akaguna. "Ni kama ulikuwa huko." Nikamwambia nguo zenyewe hazijakauka.

Lakini wakati huo huo Mzee Njuguna, mwenye ploti, alikuwa ametutangazia kwamba anataka kubomoa kibanda ajenge vyumba vya mawe. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, koti na kofia hata jua likiwaka, na shamba lile lilikuwa la baba yake tangu Kawangware ikiwa mahindi na nduma. Alikuja kila Jumamosi na fimbo, anatembea kutoka mlango hadi mlango, na kila mlango una lalamiko. Kibandani kwetu hakuwahi kuingia kwa sababu ya ile mifupa. Kulikuwa hakuna mahali pengine pa kutupokea na moshi wetu na mbwa wetu. Tukibomolewa, Fundi angerudi kuchora ng'ombe wanaotabasamu, Mutiso arudi Kambi Muru kuchonga vipuli, na mimi nirudi nyumbani, ambako, kwa mara ya kwanza maishani, sikutaka.

Na mimi, mwenye akili nyingi, nilikuwa nimemchora Mzee Njuguna ndani ya picha.

Mngemwona mngenielewa. Alikuwa na paji la uso lililotokeza mbele kama kibaraza cha duka, macho ndani kivulini. Hilo paji halikutaka kuongezwa kitu. Nilimweka nyuma, kando ya kichaka, amechuchumaa akikagua jiwe. Mbele kabisa, katikati, na shoka mkononi, nikamweka Shikuku, mpangaji wa chumba cha kwanza, kwa sababu alikuwa na mabega. Sikuwaza kwamba Mzee angeiona. Lakini kitambaa hakikuwahi kufunguka chote kibandani, na siku Fundi alipotaka kukiona kizima, ikabidi tukitundike uani, penye kamba za nguo. Ilikuwa Jumamosi.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Achieng', aliyeuza omena, dagaa wa kwao ziwani, pale langoni. "Yawa! Huyo si ni mimi?"

"Ni mtu wa kale, Mama."

"Mtu wa kale ana pengo langu?"

"Limefanana tu."

"Sawa. Na nguo zangu nimeanika wapi?"

"Mathe," Mutiso akaingilia, "hiyo time nguo ilikuwa ngozi, na ngozi ilikuwa bado iko kwa mnyama."

Akacheka mpaka akaweka karai chini. Kisha akaona samaki. "Na hilo ziwa msiniambie ni la huku. Hilo ni letu." Hapo ploti nzima ikatoka. Walioona sura zao walilalamika, wasioziona wakalalamika zaidi. Shikuku alisimama mbele ya Shikuku, kifua nje. "Cheki vile nimeshika hiyo shoka! Mimi ndio mtu wa kwanza duniani."

"Wa kwanza kulalamika mfereji," mtu akasema.

Kicheko kikakatika ghafla. Mzee Njuguna alikuwa amesimama langoni na mjenzi mwenye tepu.

Alikuja mpaka kwenye kitambaa. Alikitazama kutoka upande huu hadi upande ule, akarudi, fimbo ikasimama kwenye kichaka. "Huyu mzee hapa nyuma ni nani?"

"Ni mtu wa kale, Mzee," akasema Fundi.

"Kale nimeiona. Nauliza ni nani."

Nikapangusa gundi vidoleni. "Ni wewe, Mzee."

 Hata mfereji, ambao haukuwahi kufunga vizuri, nadhani ulisita.

"Uso wangu uko hivi?" Mjenzi akaanza kusoma tepu yake. "Hii ni paji ya baba yangu," Mzee akasema polepole, na sote tukapumua, mapema mno. "Na mbona niko nyuma?"

Fimbo ikahamia katikati.

"Na huyu wa mbele si ni Shikuku?"

"Ndiyo mimi, Mzee," akasema Shikuku, kwa fahari isiyosaidia mtu.

"Kwa hivyo mpangaji anasimama mbele na shoka, mwenye shamba anachuchumaa kwa kichaka kama mtu ameshikwa na tumbo?"

"Mzee," Fundi akasema kwa upole, "wakati huo shamba halikuwa la mtu."

"Hakuna shamba haina mtu." Akachora hewani kwa fimbo. "Weka ua ya kayaba, ile ya miiba, kutoka hapa mpaka hapa. Mimi ndani. Hao wengine nje."

Fundi alivua kofia. "Nitakuongezea ndevu. Nikupe hata simba umemuua. Lakini ua sitachora, Mzee. Haukuwako."

Mzee akagonga nguzo ya kibanda chetu kwa fimbo, akamwambia mjenzi, "Jumatatu utaanza na hii." Akaenda zake.

Mutiso alimgeukia Fundi. "Buda, chora tu kayaba kidogo. Si ni majani?"

"Nikichora ua leo, kesho ataomba titi-didi," Fundi akasema, maana ndivyo mitaani tulivyoiita hati ya shamba. Akaanza kufunga brashi zake kwenye gazeti, moja moja.

Nikaenda nyumbani, kama ilivyo desturi yangu mambo yakiharibika. Karibu na mlango wetu kulikuwa na watu wanachimba. "Dada wa rangi! Leo ya njano imetoka safi!" Nikachungulia, kwa heshima tu. Plastiki juu, vifuniko, kigae, wekundu, njano. Nikasimama hapo kwa muda kiasi cha mchimbaji kuuliza kama nimeishiwa nguvu.

Nilichukua ndoo moja nikarudi Kawangware. Mara mbili kwa siku moja, historia haijarudia. Nikalaza kitambaa chini uani, nikachanganya ule udongo na gundi kwenye karai. Kuanzia pale kichakani alipochuchumaa yule mzee, kupita mbele ya kila mtu, mbele hata ya Shikuku na shoka lake, mpaka ukingoni mwa ziwa, nikaweka nyayo. Fundi alikuja akasimama juu yangu.

"Nyayo zilikuwako?"

"Watu walikuwa na miguu, Fundi."

Akafikiri. "Hiyo ni kweli," akasema, akafungua lile gazeti.

Jumapili Mzee alipita akitoka kanisani. Nilimwita kabla ujasiri haujaniisha, nikamweleza kama nilivyofundishwa: kwamba kwa watu wa kuchimba hakuna anayejali nani amesimama mbele. Wanauliza ni nani yuko chini. Nyayo hizi ni zako, Mzee, zimepita matope yakiwa mabichi. Za wengine tutaziweka kesho, juu yake. Mtu yeyote akisoma picha hii atajua ni nani alitangulia.

Wapangaji walikuwa wamekwisha kujaa milangoni. "Na sisi tutakuwa juu?" Shikuku akauliza.

"Juu kabisa."

"Basi niko sawa."

Mzee Njuguna akainama, akaziangalia zile nyayo kwa karibu. "Hii ni mguu yangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hii ni ya mtoto. Ama ya mwanamke." Nikatazama angani kama mtu anayengoja mvua. "Mguu yangu iko na heshima yake."

Akaketi kwenye kigoda cha Mutiso na kuvua kiatu, kisha soksi, kisha kiatu kingine. Sikuwahi kufikiri kwamba mwenye ploti ana visigino vilivyopasuka kama vyetu. Nikamsogezea karai.

"Haya matope yametoka wapi?"

"Lindi, Mzee," Mutiso akasema haraka, na hakuongeza neno.

Akakanyaga kwenye karai, kisha akakanyaga kitambaa, juu kabisa ya zile nyayo ndogo, moja baada ya nyingine, mimi nikimfuata na karai. Alipofika ukingoni mwa ziwa hakutoka. Alisimama hapo, suruali imekunjwa.

"Nilichunga mbuzi hapa," akasema, na ilikuwa dhahiri hasemi na sisi. "Unakanyaga matope asubuhi. Jioni ukirudi, unapata mguu yako bado iko, hakuna mtu amepita. Siku hizi naingia hapa, natoka, na hata haijulikani nimepita."

Mutiso akaokota viatu vya Mzee, akavipangusa kwa aproni.

Kisha Mzee akatoka kwenye kitambaa akaashiria kwa fimbo. "Haya, kujeni mpite. Polepole. Na mtu asiruke."

Walipanga foleni, vile vile kama kwenye mfereji. Shikuku akataka kuingilia mbele, Mama Achieng' akamrudisha: "Foleni ni foleni, hata kama wewe ni wa kwanza duniani."

Jumatatu mjenzi alipofika na kuanza kupima kibanda, Mzee alimshika mkono. "Hapa usiguse. Hapa nimekanyaga." Akajenga vyumba vyake upande wa pili wa ploti, ndiyo maana hadi leo kibanda chenu kinaegemea ukuta wa mawe kama mlevi. Na Jumamosi akawa anaanzia kwetu, mifupa au si mifupa, na mara nyingi na mgeni. Mwalimu mkuu alipoipokea picha alibadilisha miwani, akauliza nyayo za hakika namna ile tulizitoa wapi. "Kawangware," Mutiso akajibu, na yule mama akacheka, akadhani ni mzaha.

Mzee Njuguna tulimzika miaka mingi iliyopita, na Fundi akamfuata. Wiki ile mliyonipa keki, nilijikokota mpaka kwenye ule ukumbi kuiaga picha. Ni mbali. Kitambaa kimezeeka vizuri. Hata chuo kikuu cha Mutiso hakingekipa shahada bora kuliko ile. Watoto wa shule hupima miguu yao kwenye nyayo za chini, na kwa kupapaswa huko matope yameanza kubanduka. Kwenye unyayo wa kwanza kabisa, hapo kichakani, ukingo wa mguu wa Mzee umedondoka kidogo, na chini yake kimechungulia kidole kingine, kidogo, cha njano.

Ile Jumamosi, si mnakumbuka, uani sikuwa na mguu mwingine karibu ila wangu.

Aliye chini ndiye alitangulia. Lakini mwana wa Mzee Njuguna ndiye lando wenu, mwenye ploti, sasa, na amerithi paji lile na fimbo ile, kwa hiyo msimwambie.